Skrini Ipimwe kwa Siku Mbaya

Mtu mwenye kisukari aliyebandika kihisi mkononi anaweza kuiona sukari yake kila baada ya dakika chache, mchana na usiku. Asiye na kihisi huchoma kidole, akasoma namba kwenye mashine, akaiingiza kwenye simu. Juu ya kupima tumeongea mengi: bei, usahihi, nani anazihifadhi takwimu. Juu ya kuonyesha tumeongea kidogo mno. Namba ikishapatikana, imfikie mwenyewe kwa rangi gani, kwa mlio gani, saa ngapi, na maneno gani yakiwa pembeni yake? Naamini hapo ndipo mtu anapotulizwa au anapovunjika moyo. Kwa hiyo skrini ya namna hii tuipime kwa jinsi inavyomtendea mtu siku mambo yake yameharibika. Siku nzuri kila skrini inapendeza.

Sauti tatu zifuatazo nimezitunga mwenyewe ili hoja zigongane waziwazi. Mbunifu ni kijana wa Dar es Salaam anayetengeneza programu ya simu kwa watu wenye kisukari. Muuguzi anahudumu katika kliniki ya kisukari. Mwalimu ni mstaafu wa Tanga mwenye kisukari cha aina ya pili, na siku hizi anajichoma insulini. Nimejiruhusu kuingilia kati pale niliposhindwa kunyamaza.

MBUNIFU: Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Sista.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu.

MUUGUZI: Marahaba, mdogo wangu. Haya, tuonyeshe.

MBUNIFU: Naanza na ninachokiamini: mtu akiiona tabia yake kwa macho, huanza kuibadilisha. Mwaka 2007, huko California, Gary Wolf na Kevin Kelly wa jarida la Wired walianzisha vuguvugu la watu wanaopima maisha yao wenyewe, usingizi, hatua, chakula, hata hisia, na wito wao ulikuwa mtu ajijue kwa njia ya namba. Nami nimejenga juu ya hapo. Ukipima sukari unapata nukta. Ikiwa ndani ya mpaka, nukta ni ya kijani na siku moja inaongezwa kwenye mfululizo wako. Ikitoka nje ya mpaka, nukta ni nyekundu na mfululizo unaanza upya.

MWALIMU: Unaanza upya kutoka ngapi?

MBUNIFU: Kutoka sifuri.

MWALIMU: Yaani nimekwenda vizuri siku arobaini, siku inayofuata nikashikwa na malaria, homa ikaipandisha sukari, na wewe unaniandikia sifuri?

MBUNIFU: Si mimi, Mwalimu. Ni kanuni ya programu tu. Inawapa watu ari.

MWALIMU: Kanuni imeandikwa na mtu, na mtu huyo ni wewe. Mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mtoto aliyekosa hesabu moja kati ya kumi hupewa tisa. Sijawahi kumwona mwalimu anayefuta zile tisa kwa sababu ya ile moja. Na angekuwepo, watoto wake wangeacha kuleta madaftari.

MUUGUZI: Mimi nitamtetea kijana kidogo kabla sijamgeuka. Kuna watu siku hizi wanataka kila kitu kilainishwe, nyekundu ifutwe, mlio uzimwe, mgonjwa asisumbuliwe. Sikubali. Mtu aliyeshuka hadi milimoli 2.8 kwa lita saa tisa usiku yuko hatarini saa hiyohiyo. Anaweza kupoteza fahamu kabla hakujakucha. Huyo asibembelezwe. Simu ipige kelele mpaka aliyelala naye aamke, na iandike jambo moja tu kwa herufi kubwa: kunywa maji yenye vijiko vinne vidogo vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Wakati huo asionyeshwe grafu ya wiki nzima. Sasa niambie, mtu akifika 12 baada ya pilau la harusini, unampa rangi gani?

MBUNIFU: Nyekundu.

MUUGUZI: Ileile?

MBUNIFU: Ileile. Zote ziko nje ya mpaka.

MUUGUZI: Hapo ndipo ninapokugeuka. Hatari ya 2.8 inahesabiwa kwa dakika. Hatari ya 12 inahesabiwa kwa miaka, tena ikiwa imekuwa mazoea. Ukizipa rangi moja, aliyetoka harusini anaingiwa na hofu isiyo na sababu, na aliyezoea kuona nyekundu kila siku haamki tena ile nyekundu ya kweli inapokuja. Ile ripoti ya kihisi inayotumika sana kimataifa, AGP, imelitenganisha jambo hili siku nyingi: sukari iliyoshuka ina nyekundu yake, iliyopanda imepewa njano na rangi ya chungwa. Kuiga tu umeshindwa?

MBUNIFU: Nimelipokea hilo, Sista. Lakini nina hoja upande wangu. Mnadhani wabunifu hatujawahi kujiuliza habari ya moyo wa mtu. Tumejiuliza. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa Siemens walichapisha mchezo ulioitwa Fish'n'Steps. Kila mfanyakazi alipewa samaki kwenye skrini. Akitembea hatua nyingi, samaki anakua. Asipotembea, samaki ananuna, analia. Unajua kilichotokea? Baadhi ya watu waliacha kumtazama samaki wao, kwa sababu kumwona analia kuliwauma.

MWALIMU: Na asiyetazama hajifunzi kitu.

MBUNIFU: Ndiyo. Baadaye Sunny Consolvo na wenzake kule Seattle wakatengeneza UbiFit Garden, bustani kwenye uso wa simu. Ukifanya mazoezi, ua linachanua. Ukitimiza lengo la wiki, anatokea kipepeo. Usipofanya chochote, unabaki na majani matupu. Hakuna kinachonyauka, hakuna kinachokufa. Waliijaribu kwa miezi mitatu ya baridi na sikukuu, msimu ambao watu hulegea. Waliokuwa na bustani kwenye simu waliendelea na mazoezi yao, na waliokuwa na programu hiyohiyo bila bustani walipungua. Walikuwa watu wachache, najua, lakini fundisho lake limenikaa. Nataka kuleta maua kwenye programu ya sukari.

MUUGUZI: Na utakuwa umekosea.

MBUNIFU: Kwa nini?

MUUGUZI: Kwa sababu kutembea ni kitendo cha mtu. Sukari si kitendo. Mtu anaweza kula kama tulivyokubaliana, akameza dawa zake, akatembea, na asubuhi akaamka na 11. Alilala vibaya, ana jipu, amefiwa, ini lake limemwaga sukari alfajiri. Ukimnyima ua kwa namba hiyo, unamwadhibu kwa jambo ambalo hakulitenda. Ukitaka kumpa maua, mpe kwa kupima. Amechoma kidole, ua limechanua, iwe 5 au 15. Tena yule wa 15 ndiye aliyekuwa jasiri zaidi, maana alijua anakwenda kuona nini.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu Muuguzi amegusa jambo ambalo ningependa kila mtengenezaji wa programu za afya alielewe kabla hajachora kitufe cha kwanza. Kuna mambo tunayoyatenda na kuna mambo yanayoupata mwili. Hatua, dawa iliyomezwa na glasi ya maji iliyonywewa ni vya kundi la kwanza. Sukari, uzito, presha, mapigo ya moyo na usingizi ni vya kundi la pili, hata kama tuna mkono ndani yake. Programu nyingi zinavichanganya: zinaonyesha usingizi kwa alama kati ya mia, kana kwamba kulala ni mtihani. Mwaka 2017 Kelly Baron na wenzake nchini Marekani walieleza katika jarida la tiba ya usingizi habari za wagonjwa waliokuja kliniki wakihangaikia namba za vifaa vyao vya kupimia usingizi, kiasi kwamba hangaiko lenyewe lilikuwa sehemu ya tatizo, na wakalipa hali hiyo jina. Watu hao hawakuwa wajinga. Waliambiwa kila asubuhi kwamba wamefeli, nao wakaamini.

MWALIMU: Mwandishi, niruhusu niseme jambo la aibu, ingawa naamini si langu peke yangu. Katika daftari la kliniki watu huandika namba ambazo hawakuzipima.

MUUGUZI: Tunajua, Mwalimu.

MWALIMU: Mnajua?

MUUGUZI: Damu ya kidole haikai sawasawa kila asubuhi kwa mwezi mzima, 6.1, 6.0, 6.1. Wala si habari mpya. Mwaka 1984 Roger Mazze na wenzake walichapisha utafiti wao: waliwapa wagonjwa mashine zilizokuwa na kumbukumbu ndani yake, wagonjwa wasijue. Walipolinganisha na madaftari, wakakuta namba zilizoandikwa bila kupimwa, na namba zilizopimwa zikaachwa. Daftari likawa zuri kuliko mwili. Mimi sikumlaumu mgonjwa niliposoma hayo. Nilijiuliza sisi tulikuwa tunalipokeaje daftari lenye 17. Nani alikunja uso? Nani alishika kalamu nyekundu?

MBUNIFU: Huyo Mazze si ndiye wa ile AGP?

MUUGUZI: Ndiye, na wenzake, miaka michache baadaye, 1987. Sitasema jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Lakini itazame AGP inavyofanya kazi. Inachukua siku 14 na kuzilaza juu ya siku moja, kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane. Katikati unapita mstari wa kawaida yako. Kando yake kuna kivuli kinachoonyesha siku nyingine zilitanda wapi. Hakuna siku inayosimama peke yake mahakamani.

MWALIMU: Kwa hiyo ile siku ya malaria imo, lakini imo ndani ya kivuli.

MUUGUZI: Imo. Haikufichwa. Ila haisemi kwa niaba ya zile 13 nyingine. Na mazungumzo yetu yanabadilika. Badala ya kumuuliza mtu alikula nini Alhamisi, tunaona kwamba kila siku kuanzia saa kumi jioni kivuli kinapanuka, halafu tunatafuta pamoja sababu ya saa kumi. Labda ni chai ya kazini na andazi. Labda ni insulini ya mchana.

MBUNIFU: Nakubali inapendeza. Lakini AGP inataka kihisi, na watumiaji wangu wengi hawana. Wanapima mara nne kwa mwezi, wengine mara moja, siku ya kliniki.

MWALIMU: Stripu ni ghali, mwanangu. Kabla sijapata kihisi, mimi nilikuwa nikipima ninapojisikia vibaya.

MBUNIFU: Basi mimi huziunganisha hizo nukta nne kwa mstari ili mtu aone mwelekeo.

MUUGUZI: Mstari huo ni wa uongo. Mwalimu amekwambia sasa hivi alikuwa anapima akijisikia vibaya. Nukta zako zingekuwa za siku zake mbaya tu, nawe ungezichora kama ndiyo maisha yake. Mwingine anajinyima siku mbili kabla ya kliniki, kwa hiyo nukta zake ni za siku nzuri tu, na mstari wako unamwambia yuko salama. Ndiyo maana tunataka na kipimo cha wastani wa miezi mitatu kinapopatikana.

MBUNIFU: Sasa nifanye nini? Nisichore kitu?

MUUGUZI: Chora nukta, ziache zisimame bila mstari. Zipange kwa wakati wa siku: kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, kabla ya kulala. Pasipo na kipimo pabaki wazi. Na uwazi huo usiupake rangi ya makosa, maana pengine nyumbani hamkuwa na hela ya stripu.

MWALIMU: Na unipe mahali pa kuandika. Namba peke yake haijui kwamba nilikuwa msibani.

MBUNIFU: Hilo nina mfano wake. Wabunifu wawili, Giorgia Lupi aliyekuwa New York na Stefanie Posavec aliyekuwa London, waliandikiana postikadi kwa wiki 52 kuanzia mwaka 2014. Kila wiki walichagua jambo moja la maisha yao, wakalihesabu, wakalichora kwa mkono, na nyuma ya kadi wakaeleza alama zao. Kadi hizo sasa ziko kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York. Walichagua wenyewe cha kupima na namna ya kukichora. Nimewaza mtumiaji achague alama zake: msiba, homa, harusi, safari, mawazo.

MWALIMU: Mawazo uyaweke ya kwanza. Yanapandisha sukari kuliko wali.

Niongeze jambo juu ya mipaka yenyewe, kwa sababu wote watatu wameongea kana kwamba mpaka umeshuka kutoka mbinguni. Hatua 10,000 kwa siku, zinazowasumbua wenye saa janja duniani kote, zilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kikiitwa manpo-kei, jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walipowafuatilia wanawake wazee wa Marekani, waliona kwamba hata hatua 4,400 hivi kwa siku zilihusiana na vifo vichache kuliko hatua 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Bibi anayetembea hatua 5,000 anafanya jambo la maana sana, na saa yake inamwambia yuko nusu. Kwa kisukari mambo ni hayohayo. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2019 yanataka mtu mzima wa kawaida mwenye kihisi awe kati ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda wake. Lakini kwa wazee na walio katika hatari kubwa makubaliano hayohayo yanataka zaidi ya asilimia 50 tu, na yanasisitiza zaidi wasishuke. Sasa mchukue mzee aliye kwenye asilimia 58, salama, hashuki usiku. Ukimwekea mpaka wa kijana, utamwonyesha nyekundu kila asubuhi ya uzee wake. Na akihangaika kuifuta hiyo nyekundu kwa kuongeza insulini, anaweza kuanguka. Hapo skrini haitakuwa imemhuzunisha tu, itakuwa imemdhuru.

MBUNIFU: Programu yangu ina 70 kwa wote.

MUUGUZI: Ibadilishe leo.

MWALIMU: Na Ramadhani je? Mwaka jana nilifunga kwa ruhusa ya daktari. Programu niliyokuwa nayo iliniletea arifa kila asubuhi: hujaandika kifungua kinywa. Mchana: hujaandika chakula cha mchana. Nikafika jioni nina lawama mbili, na futari bado.

MUUGUZI: Na yale ya lazima haikukwambia. Kwamba kupima sukari hakubatilishi swaumu kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi. Kwamba ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7 ufungue, hata kama imebaki nusu saa. Skrini ya mwambao isiyoijua daku haijamjua mtu wake.

MWALIMU: Nina jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloniuma hasa. Mwanangu yuko Muscat. Alininunulia kihisi, Mungu ambariki, na kwenye simu yake anaiona sukari yangu. Zamani alikuwa akipiga simu tunaulizana hali, mvua, wajukuu. Sasa akipiga ni: baba, umekula nini, naona 13. Salamu zimekwisha.

MBUNIFU: Lakini huo ndio upendo, Mwalimu. Mwaka 2013 baba mmoja mhandisi nchini Marekani, John Costik, aliunganisha kihisi cha mwanawe mdogo na intaneti ili aione sukari ya mtoto akiwa kazini. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi wa Nightscout, wazazi na wagonjwa wakisaidiana bure. Umewapa watu usingizi.

MWALIMU: Yule ni mtoto mdogo. Mimi ni baba yake.

MUUGUZI: Mimi nina lingine la kuweka hapa. Mnaogopa kuonekana, na sehemu moja mna haki. Lakini kumbukeni Iringa. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa serikali na WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito siku za afya za kijiji. Kadi ilikuwa na kijani, kijivu na nyekundu. Matokeo yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji, yakajadiliwa: kwa nini watoto hawa wako kwenye nyekundu, mama anarudi shamba saa ngapi, mtoto analishwa mara ngapi, nani anabaki naye. Halafu wanaamua la kufanya, wanapima tena. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Nyekundu ilionekana na kijiji kizima, na ilisaidia.

MWALIMU: Na mama mwenye kadi nyekundu alikaa wapi siku ya kupima?

MUUGUZI: Wengine walikaa nyuma. Sitakudanganya. Aibu ilikuwepo. Lakini nyekundu ile ilifuatwa na swali kwa watu wazima wote wa kijiji, na baada ya swali kuna kazi. Simu inampa mtu nyekundu akiwa peke yake chumbani, na hapo imemaliza.

MBUNIFU: Kwa hiyo nikishirikisha takwimu na familia...

MWALIMU: Nichague mimi nani aone nini. Mwanangu aone nikishuka, hiyo ruhusa naitoa kwa moyo mmoja. Pilau langu la Ijumaa halimhusu.

MUUGUZI: Mimi nataka familia ione na kupanda, ikiwa kumedumu wiki mbili. Wazee wananificha.

MWALIMU: Tutaendelea kukuficha, Sista, mkitunyang'anya uamuzi.

MUUGUZI: Nami nitaendelea kudai. Nimewauguza miguu watu walioficha.

Nimeyaacha hayo mawili yagongane kwa sababu sioni mbunifu yeyote atakayeyapatanisha kwa kitufe. Moyo wangu uko upande wa Mwalimu: mwenye mwili awe na funguo. Lakini miguu anayoisema Muuguzi ipo wodini.

MBUNIFU: Basi niseme ninachoondoka nacho. Mfululizo naufuta. Ua ni la kupima, si la namba. Kushuka na kupanda vinapata rangi mbili na milio miwili, na kushuka kunakuja na maelekezo. Nukta chache hazipati mstari. Mpaka unawekwa na mgonjwa na daktari wake. Ruhusa za kuona ziko mkononi mwa mwenyewe, na Sista bado ananidai. Wiki ijayo nitawaletea skrini mpya mzitazame.

MWALIMU: Unatuletea sisi wawili?

MBUNIFU: Ndiyo, Mwalimu.

MWALIMU: Mimi nasoma bila shida, nina simu nzuri, nina mtoto Muscat. Umeshamuuliza yule mama anayeuza samaki, ambaye simu yake inashikwa na mjukuu?

MUUGUZI: Kliniki yetu ni Jumanne. Njoo saa moja asubuhi, wanapoanza kupanga foleni. Usiwaonyeshe kitu chochote siku ya kwanza. Kaa nao kwenye benchi, uwaulize siku waliyopata namba mbaya kuliko zote walifanya nini baada ya kuiona.